Kinywa Hakiumbi

Kabla sijahamia chuo cha theolojia ninakofundisha sasa, nilikuwa mchungaji wa usharika. Siku moja niliongoza maziko ya mama mmoja aliyekuwa mwimbaji wa kwaya yetu. Alikuwa na kisukari. Kwa miaka mingi alijichoma sindano ya insulini kila siku, akahudhuria kliniki, akala kwa kipimo, akalea watoto wake. Kisha rafiki yake akamwalika kwenye maombi ya katikati ya juma, katika huduma moja ambayo sitaitaja. Huko alifundishwa kwamba kinywa cha mwamini kinaumba. Ukisema wewe ni mgonjwa, umeukaribisha ugonjwa. Ukisema umepona, na usiruhusu akilini mwako picha nyingine yoyote, mwili hauna budi kutii. Sindano, aliambiwa, ni kuukiri ugonjwa kwa vitendo. Akaziacha. Alikiri uzima asubuhi, mchana na jioni. Hazikupita wiki nyingi tukamzika.

Makaburini, watu wakiwa wameshika udongo mkononi, nilisikia mtu mzima akinong'ona nyuma yangu: "Lazima mashaka yalimwingia." Baada ya ibada binti yake wa mwisho, mtoto wa darasa la tatu, akanivuta joho. Akasema, "Mchungaji, mama hakuwa na mashaka. Mimi nilikuwa nalala naye. Kwa nini wanamsingizia?"

Nilimwekea mkono kichwani nikamwambia kwamba Mungu anajua yote. Ni kweli, Mungu anajua yote. Lakini siku ile nililitumia neno hilo kama mlango wa uani, nipate kutoroka. Maandishi haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Katika swali la mtoto yule mna maswali mawili. La kwanza: je, akili ya mtu, ikiamini sana na kutamka kwa nguvu, inaweza kugeuza vitu vilivyoumbwa, kama sukari iliyo katika damu? La pili: mtoto wa darasa la tatu alijuaje kwamba kumlaumu marehemu kwa kosa ambalo hakulifanya ni uovu? Hakuna aliyekuwa amemfundisha somo hilo. Kipaimara kilikuwa bado mbali. Nasema wazi kwamba wahubiri wa "kiri upokee" wamekosea katika maswali yote mawili, na makosa hayo yanategemeana. Wameweka uwezo mahali ambapo Mungu hakuuweka, na wamenyamazisha sauti mahali ambapo Mungu aliiweka.

Kwanza tujue ukoo wa fundisho hili. Wengi wanadhani limetoka katika Matendo ya Mitume. Sivyo. Katika karne ya 19, katika jimbo la Maine huko Marekani, aliishi mtengeneza saa aitwaye Phineas Quimby (1802–1866). Alifundisha kwamba ugonjwa unatokana na imani potofu iliyo akilini. Imani hiyo ikisahihishwa, mwili unapona. Kutokana na fikra zake na za waliomfuata likakua vuguvugu la watu walioamini kwamba akili ndiyo inayotengeneza hali ya mtu, afya yake na mfuko wake. Katika sehemu hizo hizo za kaskazini-mashariki mwa Marekani alihubiri E. W. Kenyon (1867–1948), aliyetia mkazo mkubwa juu ya ukiri wa mdomo. Kenyon aliyapinga makundi yale kwa jina, lakini namna yake ya kufikiri inafanana nayo mno. Baada yake Kenneth Hagin (1917–2003), mzaliwa wa Texas, alilieneza fundisho hilo kwa vitabu, redio na kanda, na sehemu za maandishi yake zinafuata za Kenyon karibu neno kwa neno. Kwetu limefika kwa vitabu, kwa mikutano ya viwanjani, kwa televisheni, na sasa kwa simu iliyo mfukoni mwa kila msharika.

Silikatai kwa sababu limetoka ng'ambo. Hata sisi Walutheri Injili tuliletewa na watu waliosafiri kwa meli. Nalikataa kwa sababu limevikwa nguo za Biblia huku mifupa yake ikiwa ni mingine. Biblia inaanza na Mungu anayesema, na vitu vinakuwa. Fundisho hili linamvua Mungu uwezo huo na kumvika mtu.

Je, akili haina nguvu yoyote juu ya mwili? Inayo. Ukiogopa, moyo unakwenda mbio. Mgonjwa aliyepewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, akiamini ni dawa, mara nyingine husikia maumivu yamepungua. Wataalamu wanalijua jambo hili na hulizingatia wanapojaribu dawa mpya. Tumaini humsaidia mgonjwa kula, kulala na kurudi kliniki. Mungu alituumba mwili na nafsi pamoja, na kimoja kikiguswa kingine husikia. Lakini nguvu hiyo ina mpaka. Kongosho lililoacha kutoa insulini halianzi tena kwa kuamriwa. Maneno matupu hayavunji mfupa, wala hayaungi mfupa uliovunjika.

Upo mfano unaotuhusu nyumbani. Hata leo mtu akiwa na vidonda vya tumbo tunamwambia, "Punguza mawazo." Zamani hata madaktari walielekea huko, wakilaumu wasiwasi na asidi. Ndipo Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, walipoona bakteria katika matumbo ya wagonjwa wao. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yenye bakteria hao yeye mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Leo wagonjwa wengi wa vidonda hivyo hutibiwa kwa antibiotiki. Fikiri, msomaji, ni watu wangapi waliolaumiwa kwa sababu ya fikra zao wakati aliyekuwa akiwatesa ni kijidudu. Kila tunapoipa akili uwezo ambao haina, tunampa mgonjwa hatia ambayo si yake.

Watanijibu kwa Maandiko, na ni haki yao. Watataja Mithali 18:21, juu ya mauti na uzima kuwa katika uwezo wa ulimi. Mithali inasema juu ya maneno yanayojenga au kubomoa watu: uongo mahakamani, uchongezi kijijini, faraja kwa aliyekata tamaa. Haisemi kwamba ulimi unaumba kongosho. Watataja Marko 11 na mlima unaong'oka. Soma jinsi Yesu anavyoanza: anawaambia wanafunzi wamwamini Mungu. Hakuwaambia waiamini imani yao. Watataja Warumi 4:17, juu ya kuvitaja visivyokuwapo kana kwamba vipo. Lakini katika mstari ule mwenye kuvitaja ni Mungu. Abrahamu ndiye anayeamini. Mungu ndiye anayeita. Ukimtoa Mungu katika sentensi ile na kujiweka wewe, umeandika Biblia nyingine.

Na tuwatazame mitume wenyewe. Timotheo alikuwa na maradhi ya tumbo ya mara kwa mara. Paulo hakumkemea kwa kuyataja. Alimshauri atumie mvinyo kidogo, maana yake alimpa tiba ya siku zile. Trofimo, mtenda kazi pamoja naye, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, na aliliandika jambo hilo bila aibu. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, naye alijibiwa kwamba neema inatosha. Kama kinywa chenye imani kinaumba, basi mtume wa mataifa hakuwa na imani. Nani yuko tayari kusema hivyo? Ikiwa hatuthubutu kuyasema hayo juu ya Paulo, kwa nini tuliyasema juu ya mama wa kwaya?

Sasa swali la pili. Paulo anaandika katika Warumi 2 kwamba hata watu wasio na torati ya Musa wanaonyesha kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao, na dhamiri zao zinawashuhudia. Wapo wanaosema dhamiri ni malezi tu: tumechapwa, tumesifiwa, tukazoea. Malezi yana sehemu kubwa, sikatai. Dhamiri inaweza kunolewa, inaweza kufanywa butu, na Paulo anasema pia kwamba inaweza kuchomwa moto mpaka isisikie. Lakini malezi hupalilia kilichokwisha kupandwa. Huwezi kulifundisha jiwe kuona haya.

Sitaki kutumia hoja nyepesi hapa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza kwamba watoto wachanga wa miezi 6 na 10, walioonyeshwa mchezo wa maumbo yenye macho, walipendelea umbo lililomsaidia mwenzake kupanda kilima kuliko lile lililomsukuma chini. Wahubiri wengi wangefurahia kusimama hapo. Lakini baadaye maabara nyingi zilishirikiana kulirudia jaribio hilo kwa watoto wengi zaidi, na upendeleo ule haukuonekana. Basi sijengi juu ya mchanga huo. Ninajenga juu ya Maandiko, na juu ya yale ambayo watu wetu waliyajua kabla ya kuletewa Maandiko.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mmoja wa waliofuata, Bruno Gutmann, aliyefika Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1902, alitumia miaka mingi kuandika sheria na mafundisho ya Wachaga. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria zao kilitoka mwaka 1926. Alisadiki kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo vilivyotoka kwa Muumba, na kwamba mmisionari hana ruhusa ya kuvibomoa. Wapo waliomlaumu kwa kuzisifu mila kupita kiasi, na lawama hiyo ina uzito, kwa maana mila nazo zilikuwa na ukatili wake. Lakini katika hili alikuwa sahihi: hakukuta watu watupu. Wazee wetu walipanda masale kuonyesha mpaka wa kihamba, na mtu aliyemkosea mwenzake alipeleka jani la sale kuomba msamaha. Walijua mpaka ni nini, na walijua kuna siku mtu anauvuka na lazima arudi kwa unyenyekevu. Nani aliwaandikia hayo? Paulo ameshajibu.

Ila tusikosee upande wa pili. Kuwa na sheria moyoni si kuwa mwema. Adamu alipotenda dhambi alijificha. Hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba amekosa. Dhamiri inashitaki, lakini haiokoi. Hapa ndipo imani yetu ya Kilutheri inaposema jambo ambalo wakati huu linahitajika sana: Sheria tunaikuta ndani yetu, bali Injili inatujia kutoka nje. Inakuja kwa maji tuliyomwagiwa na mtu mwingine, kwa mkate na divai vilivyowekwa mkononi mwetu, kwa kinywa cha ndugu anayetutangazia msamaha. Hakuna anayejibatiza. Tumaini letu halikai ndani ya akili zetu, na tumshukuru Mungu kwa hilo, maana akili zetu huchoka, huogopa, na siku ya homa kali hazijui hata jina lake.

Wahubiri wa ukiri wamegeuza mambo. Wokovu wameuingiza ndani: nguvu iko kwako, iko akilini mwako, tamka. Na dhamiri, iliyokuwa ndani kweli, wameifukuza kwa kuiita roho ya hatia. Nimeonana na mtu aliyekopa katika kikundi cha VICOBA, fedha za akina mama wenzake, kisha akafundishwa kukiri kwamba deni limefutwa. Usiku alikuwa halali. Alikwenda kuombewa ili roho ya hofu imtoke. Haikuwa roho ya hofu. Ilikuwa dhamiri, mjumbe wa Mungu, anayebisha hodi. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nilimwambia aende kwa wenzake, aseme ukweli, aombe muda. Alikwenda, akapewa muda, akalala usingizi.

Msharika mwenzangu, lile neno "kukiri" ni letu, na limeibwa. Kila Jumapili ibada yetu ina kukiri mara mbili. Tunakiri dhambi, tena tunakiri imani. Tazama yanavyofanana: katika yote mawili tunasema jambo lililo kweli kabla hatujafungua mdomo. Tumekosa, ndiyo maana tunakiri kosa. Kristo amefufuka, ndiyo maana tunakiri ufufuo. Hafufuki kwa sababu tumesema. Kukiri ni kusema lililo kweli. Si kulifanya kuwa kweli. Yule mama alifundishwa kusema jambo lisilo kweli juu ya mwili wake mwenyewe, akaambiwa huko ndiko kuamini. Katekisimo Ndogo tuliyofundishwa inatuambia ushuhuda wa uongo ni dhambi. Haikuweka nafasi ya uongo unaosemwa madhabahuni.

Mtu ataniuliza, "Kwa hiyo Mchungaji, tusiombe? Mungu haponyi tena?" Ombeni bila kukoma. Naamini Mungu anaponya, kwa dawa na pasipo dawa, apendavyo. Lakini kuomba ni kumwendea Mwingine aliye na uwezo kukujibu ndiyo au hapana. Kule Gethsemane Bwana wetu aliomba kikombe kimwepuke, akayaacha mapenzi ya Baba yawe juu ya yake. Asiyekubali kujibiwa hapana hajaomba, ametoa amri.

Na tukitaka kweli kuona jinsi akili inavyogusa vitu, Mungu ametupa njia iliyo wazi. Dhamiri inaniambia jirani ana kiu. Ninakusudia, mkono unainuka, maji yanafika. Njia hiyo ndiyo iliyojenga hospitali za kanisa letu, Machame, Bumbuli, Ilembula na Haydom. Waliozijenga waliomba, kisha wakachimba msingi. Yakobo anamcheka mtu anayemwambia maskini apate joto na kushiba huku hampi kitu. Huyo ndiye mkiri wa kwanza wa aina hii, na Yakobo anaiita imani yake maiti.

Sitakuwa mwaminifu nikimaliza kana kwamba uovu huu uko kwa jirani tu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile. Wapo viongozi wetu waliomtetea hadharani. Simhukumu mzee yule, aliyefariki mwaka 2021. Hakutajirika kwa bei ile. Lakini wapo waliokunywa wakaacha dawa zao za kufubaza virusi vya UKIMWI, na sisi wachungaji wengi tuliokuwa na shaka tulikaa kimya. Tuliogopa kuonekana hatuna imani. Tuliogopa pia kuwapoteza washarika. Mimi nilinyamaza mara ya pili pale makaburini, kwa hofu ile ile.

Basi tufanye nini? Katika jumuiya zetu, tukimtembelea mgonjwa, tuombe naye, kisha tumwulize kama dawa zimebaki na kama nauli ya kliniki ipo. Wazee wa kanisa wasione haya kumuuliza mhubiri mgeni, kabla hajapewa mimbari, kama anawaambia watu waache dawa. Na mtu asithubutu tena, katika msiba wowote, kupima imani ya marehemu kwa sababu amekufa. Sote tutakufa, wenye imani kubwa na wenye imani ndogo, na anayetufufua hatatuuliza tulitamka mara ngapi.

Binti yule sasa ni msichana mkubwa. Nikionana naye nitamwambia hivi: Mwanangu, ulisema kweli na mimi niliogopa. Mama yako aliamini. Walimsingizia. Hasira uliyoisikia siku ile haikuwa utovu wa adabu. Mungu aliiandika moyoni mwako ili pawepo shahidi mmoja pale makaburini, wakati mchungaji alipokuwa amenyamaza. Mama yako hakuokolewa na nguvu ya imani yake, kwa hiyo hakupotea kwa udhaifu wake. Alishikwa na mkono mwingine, tangu siku ya ubatizo wake, na mkono huo haujamwachilia.